Nililipia injini izimwe: siku tatu za safari ya picha Mikumi

Studio ya baba mdogo, pale Temeke, ilikuwa na pazia zito la turubai lililochorwa kwa rangi ya mafuta: mlima wenye theluji kwa nyuma, mnazi mmoja pembeni, na tembo wawili wakinywa maji kwenye kidimbwi cha buluu. Siku ya Idi foleni ilifika mpaka kwa muuza mihogo, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, kila familia ikisubiri zamu yake ya kusimama mbele ya wale tembo. Mimi nilikuwa nashika taa. Baba mdogo alikuwa hajawahi kumwona tembo kwa macho yake, na nadhani mchoraji naye hakuwahi, maana pembe za yule mkubwa alizichora zikitokea chini ya mdomo, kama ndevu. Leo nina studio yangu. Nimepiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati kwa miaka 14, na mpaka mwaka huu sikuwa na picha hata moja ya mnyama wa porini niliyoipiga mwenyewe. Kalenda za tembo na simba zimejaa kwenye saluni na maduka ya mtaani kwetu, na jina dogo lililoandikwa pembeni ya picha mara nyingi ni la mgeni. Jambo hilo limenikaa moyoni muda mrefu.

Mwezi wa tisa nikalipia safari ya picha ya siku tatu kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kampuni ni ndogo, ya vijana wa hapa hapa Dar, ina magari mawili tu. Jina lake naliacha kwa makusudi. Kuna mambo yaliniudhi, nimekaa nao tukayazungumza uso kwa uso, na ninachotaka hapa ni kumsaidia mtu anayefikiria kununua huduma ya aina hii, popote atakapoinunua. Bei kwa Mtanzania ilikuwa shilingi 780,000 kwa mtu, tukiwa wanne kwenye gari. Ndani yake kuna tiketi za treni kwenda na kurudi Morogoro, gari na dereva, ada za hifadhi, kulala usiku mbili, na chakula. Safari ya kawaida ya Mikumi, ile ya kujazana kwenye gari na kurudi kesho yake, nilikuwa nimeipata kwa chini ya nusu ya hapo. Mume wangu aliniuliza swali moja: hiyo nusu ya pili inalipia nini? Niliondoka nyumbani sina jibu.

Treni haina maneno mengi. Iliondoka Kituo cha Magufuli kwa dakika ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi, tukapita Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na baada ya kama saa mbili tukawa Morogoro. Kwa basi, siku foleni ya Kimara na Kibaha ikiamua, saa mbili zinakukuta hata Chalinze hujaiona. Tiketi ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000. Mwenye begi la kamera asiogope mashine ya ukaguzi pale kituoni, haiharibu memori kadi. Beba kitambulisho tu, na uwahi.

Gari lilitusubiri nje ya kituo cha Morogoro. Hapa ndipo tofauti ya kwanza ilipoonekana. Ni Land Cruiser ya siku nyingi, ile ndefu, paa linanyanyuka, lakini siti zimepunguzwa. Kila mtu ana mstari wake, kwa hiyo ana dirisha la kulia na la kushoto. Ukimwona mnyama upande wowote huhitaji kumwomba mtu apishe kichwa. Kwenye kila dirisha kulikuwa na mfuko wa kitenge umeshonwa kama mto mdogo, umejazwa mchele. Unashusha kioo, unautandika mfuko juu ya mlango, unalaza lenzi juu yake, na lenzi nzito inatulia kama imewekwa mezani. Nilikuwa nimebeba stendi yangu ya miguu mitatu ya harusini. Siku zote tatu haikutoka kwenye mfuko wake. Ndani ya gari haina pa kusimama, na kushuka hairuhusiwi isipokuwa sehemu chache zilizotengwa.

Dereva alikuwa mzee wa Kiluguru, mtu wa Matombo, kofia ya kufumwa, sauti ya chini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kitu ambacho sikuwahi kuulizwa na dereva yeyote: "Mwanangu, lenzi yako ndefu inafika ngapi?" Nikamwambia milimita 400. Nilikuwa nimeikodi kwa kijana mmoja wa Sinza, shilingi 60,000 kwa siku, kwa sababu lenzi yangu ya harusi inaishia 200. Akatikisa kichwa, akaridhika. Baadaye nilielewa kwa nini aliuliza. Kila aliposimamisha gari alikuwa anapima umbali kwa lenzi za abiria wake. Mwenye 400 anahitaji tembo awe hatua kama 30 hadi 50, na mwenye simu anahitaji awe karibu zaidi au apigwe pamoja na mandhari yote.

Nao wenzangu walikuwa hivi: mwalimu mstaafu kutoka Tabora, Mnyamwezi, kwa maana hiyo mtani wangu mimi Mzaramo, na alinitania kuanzia Doma mpaka tunarudi, kijana wa chuo kikuu anayepiga picha za ndege tu, hana habari na simba, na kaka mmoja wa kampuni ya bima aliyekuja na simu na darubini. Huyu wa mwisho nataka mmkumbuke, kwa sababu watu wengi wananiuliza kama bila kamera kubwa unaweza kwenda. Aliweka kamera ya simu kwenye jicho moja la darubini, akashikilia kwa vidole viwili, akapata uso wa twiga mpaka kope zinahesabika. Ilimchukua mchana mzima kujifunza kutotikisika, lakini alipata.

Barabara kuu ya Iringa na Mbeya inaikata hifadhi kwa kilomita kama 50, kwa hiyo kabla hujafika getini umeshaona swala pala na nyani wa manjano ukiwa juu ya lami, na malori ya Zambia na Kongo yanapita pembeni yako. Kuna mabango yanayotaja faini ya kugonga kila mnyama. Tuliona swala mmoja amelala ukingoni, ametoka kugongwa, damu bado nyekundu. Mzee alipunguza mwendo, hakusema kitu. Nakuomba wewe unayepita pale kwenda nyumbani Mbeya au Songea: yale matuta hayakuwekwa kukuudhi.

Siku ya kwanza tuliingia ndani saa saba mchana na nikafanya kosa la kila mgeni. Twiga alikuwa amesimama mbali, kama hatua 200, nikampiga picha nyingi sana. Nilipozikuza kwenye kioo cha kamera zote zilikuwa zimelainika, kama nimempiga kupitia mvuke wa sufuria. Nikaanza kusafisha lenzi, nikabadilisha mipangilio, nikadhani nimekodishiwa kitu kibovu. Mzee akanitazama kwenye kioo chake. "Hiyo siyo kamera yako, mwanangu. Ardhi inachemka. Subiri saa kumi." Joto linapopanda kutoka ardhini hewa inatetemeka, na lenzi ndefu inaukuza mtetemo huo mara nyingi zaidi. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoweza kulishinda hilo. Anachoweza kufanya mtu ni kusogea karibu au kungoja. Kwa hiyo mchana hatukuzunguka. Tulikaa chini ya mti, tukala wali na kuku wa baridi, tukasafisha vumbi, mwalimu akalala. Kwenye safari ya kawaida hizo saa mbili tatu ndizo zinazotumika kukimbizana huku na huku ili mteja aone kwamba pesa yake inafanya kazi. Hapa mtu alikuwa na ujasiri wa kuniambia nilale.

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, lakini mpiga picha wa siku tatu anafanya kazi kwenye kipande kidogo, Tambarare ya Mkata, kaskazini mwa lami. Sababu ni mwanga. Nyasi ni fupi, miti imeachana, mivumo imesimama mmoja mmoja, na upande wa mashariki milima ya Uluguru inakaa kama ukuta wa buluu. Sisi wapiga picha wa mjini tumezoea kuubeba mwanga wenyewe, softibox, flashi, rifrekta ya kushikiwa na msaidizi. Pale mwanga una saa zake na haumsubiri mtu. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, jua la Septemba linachomoza kama dakika ishirini hivi baadaye, na kuanzia hapo una saa moja na nusu ya mwanga wa dhahabu unaopita chini chini kwenye nyasi na kumulika manyoya kutoka pembeni. Hiyo saa moja na nusu ndiyo bidhaa yenyewe. Vingine vyote kwenye kifurushi ni vya kukufikisha pale.

Ndiyo maana lililonikera kuliko yote ni la asubuhi ya siku ya pili. Tuliamka saa kumi na nusu, tukaoga maji ya baridi, saa 11 na nusu tumesimama uani na mabegi. Gari lipo, mzee yupo, injini imepashwa. Chakula hakipo. Nyumba ya wageni waliyotulaza, pale Mikumi mjini, haikuwa imeambiwa tunataka chai ya kubeba. Mama wa jikoni, maskini, alikuwa ndiyo kwanza anawasha mkaa. Mzee akataka tuondoke bila chakula, sisi wote tukakubali, lakini kijana wa kampuni akapiga simu akisisitiza tungoje kwa sababu chai "imelipiwa". Tukangoja. Tulifika getini saa moja kasoro, na wakati malipo yanahakikiwa kwenye mashine (getini hakuna kulipa kwa noti, ni namba ya malipo au kadi) jua likawa limeshapanda juu ya Uluguru. Nililipa 780,000 kwa ajili ya asubuhi mbili. Robo ya pesa hiyo ilibaki kwenye mayai ya kuchemsha. Kwa mtu anayekuja kutalii, nusu saa si kitu. Kwa safari iliyoandikwa neno "picha" kwenye tangazo lake, hilo ni kosa la msingi, na niliwaambia hivyo hivyo.

Jambo la pili lilitokea asubuhi hiyo hiyo. Gari la kampuni la pili lilikuwa limepata hitilafu, mteja wao mmoja akaletwa kwetu. Mtu mwenyewe alikuwa mstaarabu, aliomba radhi mara tatu, na kosa halikuwa lake. Lakini tangazo lilisema wanne, tulilipa bei ya wanne, na hakuna aliyetuuliza. Nikapoteza dirisha la kushoto. Mzee ndiye aliyetuokoa: kila aliposimama aliligeuza gari nusu ya muda upande mmoja na nusu upande mwingine, ili kila mtu apate zamu. Alifanya hivyo siku nzima bila kuombwa.

Simba tuliwapata saa mbili, majike watatu na madume wawili wadogo ambao nywele za shingo ndiyo kwanza zinaota. Magari tisa yalikuwa yameshafika. Vans za paa la kunyanyua zimebanana, watu wamesimama juu ya siti, mtoto analia, dereva mmoja anamwita mwenzake kwa sauti. Simba wamelala, wamegeuza migongo. Nilipiga picha tatu nne na zote ni picha za magari. Mzee akatuuliza kwa upole: "Mnataka kusema mmeona simba, au mnataka picha?" Mwalimu akajibu kwa niaba yetu kwamba kuona tumeshaona. Tukaondoka. Nilisikitika, nakiri, maana simba ni simba na sikujua kama nitawaona tena. Sikuwaona tena. Lakini dakika kumi baadaye tulikuwa peke yetu na kundi la nyumbu wanaovuka barabara ya vumbi, mwanga bado uko chini, vumbi linawaka nyuma yao kama moshi wa ubani. Baadhi ya nyumbu wa Mikumi wana mstari mweupe unaokatiza puani, kama wamepakwa chokaa kwa kidole. Nyumbu niliowazoea kwenye picha za Serengeti hawanao. Picha ile naipenda. Shata, ile kasi ya kamera kufungua na kufunga jicho lake, nilikuwa nimeiweka 1/1000 ya sekunde, na mmoja aliyeruka mtaro amesimama hewani, kwato zote nne haziko chini.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya pesa.

Jioni ya siku ya pili, kama saa kumi na robo, mzee alisimama kwenye kidimbwi ambacho hakikuwa na kitu. Tope, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndege wawili weusi aina ya mumbi wanatembea mbali kama wazee wanaotoka msikitini. Akaligeuza gari mara tatu, mbele, nyuma, mbele tena, mpaka jua likawa mgongoni kwetu na upepo unatupiga usoni. Akazima injini. Nilisubiri aseme kitu, hakusema. Gari moja likapita, dereva wake akashusha kioo: "Mzee, mmeona nini?" Akajibu, "Bado." Likaondoka. Likaja la pili, likakaa dakika tatu, likaondoka nalo. Mbung'o mmoja akaniuma mguuni kupitia soksi. (Usivae buluu wala nyeusi, wanazipenda rangi hizo, vaa kaki au kijivu.) Kijana wa ndege alipata kambu wake, ndege wa rangi nyingi, amekaa juu ya kijiti, kifua cha zambarau, akapiga picha kwa furaha, na kwa kuwa injini ilikuwa kimya nilisikia kila mlio wa shata yake. Injini ya dizeli inapounguruma gari zima linatetemeka, na kwenye lenzi ya 400 mtetemo huo unaingia kwenye picha hata kama umeilaza juu ya mchele. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, maana ukumbini hakuna injini.

Dakika ya thelathini na tano, kwenye miti iliyo mbele yetu, vumbi likanyanyuka. Mzee alikuwa ameliona tangu tulipokuwa barabarani.

Wakatoka tisa. Jike kubwa mbele, sikio la kushoto limechanika, nyuma yake majike wengine na watoto katikati. Mmoja wa majike hakuwa na pembe kabisa, na mzee akanong'ona kwamba wale wa aina yake ndio waliosalimika, kwa sababu jangili hakuwa na haja naye. Nchi hii mwaka 2009 ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Sensa ya 2014 ikawakuta 43,000 na ushei. Nilikuwa nimezisoma namba hizo zamani, zikapita. Nilizielewa pale, nikimtazama yule asiye na pembe akiingia majini, taratibu, akijaribu tope kwa mguu mmoja kabla ya kuutia uzito.

Mtoto wa mwisho alikuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la mama yake. Alifika kwenye maji, akautupa mkonga wake majini, akaunyanyua, hamna kitu. Akautupa tena. Akaukanyaga. Mzee alituambia kwamba wakiwa wadogo hivyo mkonga bado hawaumudu, ni kama kitu wamefungiwa usoni. Mwishowe yule mtoto akapiga magoti ya mbele, akatandaza mkonga pembeni kwenye tope, akashusha mdomo mpaka kwenye maji, akanywa kama mbuzi. Mama yake akainamisha kichwa kando yake, naye akanywa. Vichwa viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo, na vivuli vyao kwenye maji ya chai. Hatua kama thelathini kutoka kwenye dirisha langu la kulia.

Sikupiga picha mara moja. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikashusha pumzi, nikasogeza kipimo cha shata mpaka 1/800, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, nikaweka fokasi kwenye jicho la mtoto, na kwa sababu nilikuwa nimeegemea dirishani, si kusimama paani, lenzi yangu ilikuwa karibu sawa na jicho lake. Hilo ni jambo jingine nililojifunza kwa mzee. Paa linakupa mandhari, dirisha linakupa uso. Nilipiga picha 212. Dakika hamsini walikuwepo, walikunywa, wakajipaka tope, wakubwa wakapepea masikio mpaka mishipa ikaonekana upande wa nyuma kama mito kwenye ramani. Hakuna gari jingine lililokuja. Mwalimu, ambaye kutwa nzima hakunyamaza, hakusema neno.

Tulilazimika kuondoka wao bado wapo. Geti linafungwa saa 12 jioni, na jua la mwezi ule linazama karibu na saa 12 na nusu, kwa hiyo anayelala mjini anaupoteza mwanga wa mwisho, ule mwekundu kabisa. Kabla hujalipa, uliza unalala wapi. Kulala ndani ya hifadhi ni ghali zaidi, na kwa safari ya picha naona bora upunguze siku moja, ulale ndani. Tena pale mjini malori hayalali. Usiku kucha breki zinapumua na honi zinalia, na chumba changu kilikuwa na soketi moja tu, iliyolegea. Gari lilitangazwa kuwa na inveta ya kuchajia betri. Ipo kweli, imefungwa kwa screw nne nzuri, lakini haikuwasha hata taa. Hilo ni la tatu. Betri zangu nne zilinitosha kwa sababu nina tabia ya harusini ya kutembea na akiba. Kaka wa bima, simu yake ilizima katikati ya wale tembo, na nilimwona akiirudisha mfukoni polepole, akakaa kuwatazama tu. Anayetoa huduma ya picha na chaja haifanyi kazi ni sawa na mpishi asiye na chumvi.

Siku ya tatu tuliingia geti likifunguliwa, bila chai, kwa kauli moja. Bwawa la viboko tuliruhusiwa kushuka, nikanyoosha mgongo. Ndege walikuwa wengi na kijana wa chuo akatupa somo la bure kuhusu shashi, wale wanaokaa juu ya twiga na nyati wakiwatoa kupe. Twiga wawili walipita mbele ya Uluguru saa moja asubuhi. Saa nne ardhi ikaanza kuchemka, tukageuza.

Kwa anayetaka kwenda, machache ya kubeba ambayo hakuna aliyeniambia: brashi laini ya kujipodoa, mpya, kwa vumbi la lenzi, khanga ya zamani ya kufunika kamera gari likitembea, lenzi moja kwenye kamera asubuhi mpaka jioni, usiibadilishe ndani ya gari kwa sababu vumbi la Mkata litaingia mpaka kwenye sensa, kile kioo cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Droni acha nyumbani, bila kibali hairuhusiwi. Ukiahidiwa kwamba dereva "atakuingiza" mpaka karibu na simba kwa kuacha barabara, kataa. Hifadhini gari linabaki kwenye njia zake, na anayevunja sheria mbele yako hawezi kukufaa. Na kabla ya kutoa malipo ya awali uliza maswali matatu: watu wangapi kwenye gari, tunatoka saa ngapi asubuhi, na je, naweza kuongea na dereva? La tatu ni kubwa kuliko yote. Ofisi ina tangazo zuri na kijana wa kujibu ujumbe haraka, lakini safari yenyewe iko mikononi mwa yule mzee. Akihamia kampuni nyingine nitamfuata.

Nilipowaeleza malalamiko yangu walisikiliza. Walirudisha shilingi 90,000 kwa kila mmoja wetu wanne, wakasema inveta imebadilishwa. Sijaiona, siwezi kuthibitisha. Mwezi wa pili nataka kurudi, ila safari hiyo nataka Nyerere, ile hifadhi iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, nipige kutoka kwenye boti ndani ya Rufiji, na nimeomba dereva awe yule yule.

Kati ya picha 212 nilibaki na nne. Moja nimeichapisha kubwa, inchi 24 kwa 36, kwenye turubai, nimeitundika studio ukutani pale wateja wanapokaa kungoja. Baba mdogo aliletwa kwa bajaji Ijumaa baada ya swala. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo alisimama karibu sana na picha, pua inakaribia kugusa.

"Huyu mdogo anampigia nani magoti?"

"Anakunywa maji, baba. Mkonga hajaujua bado."

Akanyamaza. Kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya mama yake, bila kuigusa, akaifuata kuanzia nchani kurudi nyuma, polepole, mpaka pale inapotokea, juu ya mdomo.